Kiwanda Umkabidhi Nani?



Tuseme unacho kiwanda cha sabuni, si kikubwa, kina wafanyakazi ishirini au thelathini, na sasa wataka injinia wa uzalishaji. Huyu si fundi wa kutengeneza mashine iliyoharibika. Ni mtu wa kusimamia mwendo mzima wa kazi, tangu mafuta yaingiapo tangini hata sabuni ifungwapo karatasini: moto kiasi gani, muda gani, kipimo gani, na kinachopotea chapotea wapi. Mbele yako wako wawili. Mmoja ni mtoto wa dada yako, kijana mwema, ana sala zake, hana kazi, na mama yake amekwisha kukujia mara mbili na machozi. Wa pili ni mgeni kutoka bara, si wa dini yako, lakini kazi hii ameisomea na ameifanya miaka kumi. Utamchukua nani?

Wengi wetu tutajibu upesi kwamba jamaa ana haki zaidi. Ni kweli ana haki, na kuunga udugu si jambo dogo. Lakini haki hiyo iko katika mali yako wewe. Mpe kijana fedha, mlipie masomo, mpe hata nyumba ukipenda. Kazi ya injinia haimo katika mali yako peke yake. Ndani yake mna ngozi za watu.

Tazama hesabu hii. Kilo 100 za mafuta ya nazi, ili ziwe sabuni, zahitaji kama kilo 18 za kostiki. Kilo 100 za mawese zahitaji kama kilo 14 tu. Siku mafuta ya nazi yakipanda bei, mwenye kiwanda hununua mawese, na asiyejua huendelea kutia zile kilo 18 alizozizoea. Sabuni itaganda, itakatwa vipande, itapigwa chapa. Lakini kostiki iliyozidi haikupata mafuta ya kushikana nayo. Imebaki mle ndani, yamngoja mwanamke mmoja huko Lamu au Tanga atakayefulia nguo za watoto wake, na jioni vidole vyamuwaka wala hajui kwa nini. Mwanamke huyo hakuwapo siku ulipokuwa ukichagua. Kwa hakika injinia wamwajiri asimame badala yake.

Wako watakaosema: uaminifu ndio mkubwa, ujuzi atajifunza. Uaminifu gani? Kijana asiyekuibia hata senti moja, kisha akakosea kipimo kila siku, wewe umesalimika lakini mnunuzi amedhulumiwa. Ikumbuke Hijra, mwaka 622. Mtume (S.A.W.) na Sayyidna Abubakar (R.A.) wanatoka Makka, na nyuma yao wako wanaotaka kuwaua. Kiongozi wa njia waliyemwajiri kwa ujira alikuwa Abdullah bin Urayqit, mtu aliyekuwa bado katika dini ya Makureshi. Walimkabidhi ngamia wao wawili, wakaagana naye awafuate kwenye pango la Thawr baada ya siku tatu. Waislamu waliokuwa tayari kufa kwa ajili yao walikuwapo. Lakini alitakiwa mtu aijuaye njia, na ambaye ahadi yake yaaminika, naye ndiye akachukuliwa.

Hata hivyo, kumchagua mjuzi ni nusu ya kazi, na mimi naiona kuwa ndiyo nusu nyepesi. Injinia akija akakwambia, "Bwana, sabuni ya leo haitoki, irudishwe tangini," na lori liko mlangoni, na mteja amekwisha kulipa, je, utamsikiliza? Wako matajiri waajirio mjuzi kama watundikavyo ukutani saa isiyotiwa ufunguo. Na usidhani ni habari ya sabuni tu. Huko Bhopal, India, usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, gesi ya sumu ilitoka katika kiwanda cha dawa za wadudu ikaua maelfu ya watu, wengi wao wakiwa wamelala majumbani mwao. Mtambo wa kupoza matangi ya sumu ile ulikuwa umezimwa miezi kabla, na watu wa zamu wamepunguzwa. Mwaka 1982 wakaguzi wa kampuni yenyewe walikuwa wamekwisha kuziandika hatari walizoziona.

Basi siku ya kumhoji, ukisha kuvitazama vyeti vyake na kuhakikisha kwamba amesajiliwa na bodi ya wahandisi, mwulize: nikikuamuru uutoe mzigo ulioukataa, utafanyaje? Akijibu, "Wewe ndiwe mkubwa, nitautoa," mshukuru na umpe nauli yake. Akisema hatatia sahihi, jiulize wewe kama utaweza kukaa naye. Ukiona utaweza, uwezo wake wa kusimamisha kazi uandikwe katika mkataba, na mshahara wake usifuate wingi wa sabuni, maana alipwaye kwa wingi hukataa kwa shida.

Na mtoto wa dada yako? Mweke chini ya huyo injinia, ashike mizani ya kostiki. Akionyesha akili, mlipie chuo. Mama yake atanuna mwezi mmoja au miwili. Mwendee wewe nyumbani kwake, usingoje aje.