Je, "Naam, Baba" Ni Radhi?

Katika mambo yasiyoandikwa sana, kwa kudhaniwa kuwa ni madogo, ni hili la baba kuwatoa watu wa nyumbani kwake siku za likizo. Nani achague mahali pa kwenda na jambo la kufanya: yeye mwenye kutoa nauli, au kijana wa miaka kumi na mitano aliyerudi masomoni amechoka? Wako wasemao kuwa mtoto hana shauri. Na wako, nao wamezidi siku hizi, wamwachao na simu yake pembeni mwa chumba, wakasema hiyo ndiyo raha yake. Wote hao wamejiondolea taabu moja, nayo ni kumjua mtoto.

Mimi ni mtu wa Tanga, na riziki imeniweka Namanyere, makao makuu ya wilaya ya Nkasi, huku juu Ufipa ambako baridi ya Juni humkumbusha mtu wa pwani kwao kila alfajiri. Kwa miaka mingi kila likizo ilikuwa safari ya Tanga, kwenda kuwaamkia wazee. Kabla ya kukata tikiti humwuliza mwanangu, "Twenda Tanga, wapenda?" Naye hujibu, "Naam, baba." Nikadhani nimefanya mashauri.

Hapo ndipo lilipokuwa kosa langu, na naona ni kosa la wengi wetu. Tumewafundisha watoto kumwitikia baba, na tumefanya vyema. Walakini kisha twakuchukua kuitikia kule tukakufanya ushahidi wa furaha. Mtoto mwenye adabu, akiulizwa jambo ambalo baba amekwisha kuliamua, hana jawabu ila moja. Jawabu lile lakujulisha adabu yake tu. Ya moyoni mwake hukuyauliza. Swali lililo swali ni lile ambalo aulizwaye aweza kusema la, asionekane mkosefu. Nabii Ibrahim a.s. alikuwa na amri iliyotoka juu, isiyo na khiari ndani yake, na juu ya hayo alimweleza mwanawe, akamtaka atazame aonaje. Sisi twenda kutembea tu, wala hatuulizi!

Mwaka 2018 nilidhani dawa ni kubadili mahali. Nikawapeleka Kalambo, mpakani mwa Zambia, ambako maji huanguka zaidi ya mita 200 kwa mporomoko mmoja. Mimi nilistaajabu mno. Nikamweleza mwanangu khabari za mto, na njiani nikamweleza tanuu za udongo za Wafipa, ndefu kumshinda mtu, walizoyeyushia chuma zamani. Alisikiliza kwa heshima, akapiga picha moja, akauliza twarudi saa ngapi. Mahali hapakuwa na aibu. Ila kijana hakuwa na kazi yo yote pale isipokuwa kusimama na kufundishwa, na hayo ndiyo aliyokuwa akiyafanya masomoni miezi yote.

Wako wenye kugawa siku: leo ya mzazi, kesho ya kijana. Ni insafu, wala siikatai. Lakini mara nyingi kila mmoja huivumilia siku ya mwenziwe mpaka ipite, na kuvumiliana si kustarehe pamoja.

Mwaka uliofuata mama yake ndiye aliyenitengenezea swali. Akaniambia, "Mwulize asichokitaka, kisha umwache siku mbili." Siku ya tatu kijana akasema hataki kuelezwa vitu, ataka kufanya kitu chenye maji. Na mama yake naye akasema, "Mimi sitaki jiko la pili." Nikaona haya, kwani sikuwahi kufikiri kuwa likizo yetu sote ilikuwa kazi yake yeye.

Tukashuka Kirando, pwani ya ziwa Tanganyika, usiku wa giza mwisho wa Mfungo Mosi, 1440. Chakula tulinunua kwa mama lishe. Mvuvi mmoja akakubali kutuchukua, mimi na kijana, karibu na pwani. Nami, mtoto wa bahari, nikamwuliza kwa kujua kwangu maji yajaa saa ngapi. Akacheka mpaka akaweka kasia. Ziwa lile, lenye kina cha mita 1,470 hivi, ambalo duniani halikupitwa ila na Baikal la Urusi, halina kupwa wala kujaa kwa kuonekana na macho ya mvuvi. Kinachomwongoza ni mwezi: ukiwa mpevu, taa haziwavuti dagaa, giza likiingia, taa zawashwa, dagaa wazifuata, na wavu uliotandazwa chini wavutwa juu. Mwanangu aliuvuta wavu ule mpaka viganja vikachubuka. Nami niliuvuta kando yake, vibaya kuliko yeye.

Mtu ataniuliza: je, heshima ya baba haikupungua kwa kuchekwa mbele ya mwanawe? Nimelifikiri sana jambo hili. Kijana wa miaka kumi na mitano amekwisha kujua kuwa baba hajui kila kitu. Asilolijua bado ni vipi mtu mzima hukaa akiwa hajui. Usiku ule aliliona. Na katika kurudi aliniuliza mwenyewe, bila kuitwa, baba zetu wa pwani walifika vipi nchi hii. Nikamjibu kwa kweli kuwa walikuja kwa misafara ya pembe na ya watumwa pia. Aliyoyakataa Kalambo aliyataka njiani, kwa kuwa sasa swali lilikuwa lake.

Atakaye kufanya kama sisi naaulize kwanza, kwani mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi tangu 15 Mei hata 15 Agosti, ili samaki wazaane.

Disemba ya mwaka ule tulikwenda Tanga kama desturi. Kabla hatujapanda basi kijana aliniuliza bamvua litaangukia siku gani.