Deni la Msikilizaji

Wapo wapenzi wa muziki ambao siku hizi hupendezwa kuwasikiliza wapiga gitaa wazee si wakiimba tu, bali hata wakizungumza. Mtu huketi na mzee wa miaka themanini, akamwuliza alizaliwa wapi, gitaa la kwanza alilipata kwa nani, alilipwa kiasi gani, na aliwajua akina nani. Mazungumzo hayo hunaswa au kuchapwa, yakasomwa na watu wengi ambao hawakupata kumwona mzee huyo hata siku moja. Ndivyo ilivyo hasa kwa wazee wa bluzi, yaani zile nyimbo zilizozaliwa miongoni mwa watu weusi wa kusini mwa Marekani, katika nchi ya pamba. Na kwa wazee wa roki, muziki uliochipuka katika shina hilo. Wasomaji wa mazungumzo hayo wana shukrani nyingi. Husema: mzee ametufungulia moyo wake, laiti angaliendelea saa tatu zaidi.

Msomaji asistaajabu kuliona jambo hili katika ukurasa wetu. Twalileta kwa sababu ndani yake mna swali linaloingia katika kila nyumba yenye mzee. Tunapomwomba mtu atusimulie maisha yake, naye akakubali, je, tumepokea nini kwake, na tunadaiwa nini?

Tuanze na mema, maana yapo, tena si machache. Alikuwako mtu wa Mississippi, jina lake John Hurt. Mwaka 1928 kampuni ya santuri ya Okeh ilimwita Memphis, kisha New York, akaimba. Santuri zake hazikuuzwa sana, kampuni haikumwita tena, naye akarudi katika kazi ya shamba, akakaa huko miaka thelathini na mitano. Mwaka 1963 kijana mmoja, Tom Hoskins, aliusikiliza wimbo wake wa zamani unaoitaja Avalon, kijiji chake, akaenda huko kumtafuta, akamkuta. Mwaka uleule Hurt aliimba mbele ya umati mkubwa katika tamasha la Newport. Alifariki mwaka 1966. Miaka mitatu ya kusikilizwa, baada ya thelathini na mitano ya kimya! Upendo wa wasikilizaji hapo haukuwa maneno matupu. Ulimfuata mtu alipokuwa, ukamrudishia jina lake, na hatuoni ni nani awezaye kuubeza.

Kisa cha pili ni kigumu zaidi. Mwezi Juni 1964 vijana watatu walizunguka Mississippi kwa gari wakimtafuta Son House, mwimbaji aliyetoa santuri chache sana mwaka 1930. Ulikuwa mwezi uleule ambao, katika jimbo hilohilo, vijana wengine watatu waliokuwa wakiwatetea watu weusi katika haki ya kupiga kura waliuawa. Wale watafutaji hawakumkuta kusini. Waliambiwa yupo kaskazini, katika mji wa Rochester, jimbo la New York, alikohamia tangu mwaka 1943. Walipofika walimkuta mzee asiye na gitaa. Nyimbo zake zilikuwa zimemtoka kichwani, na vidole vimesahau kazi yao. Ndipo akaletewa kijana wa miaka ishirini na kidogo, Alan Wilson, ambaye alikuwa amezisikiliza santuri za mzee huyo hata akazijua kuliko mwenyewe. Wakaketi pamoja, kijana akimpigia mzee nyimbo za mzee, mpaka mzee akazikumbuka. Mwaka 1965 akaziimba tena kwa kampuni ya Columbia.

Kila tukikitafakari kisa hiki twafurahi na kuona mashaka kwa pamoja. Kijana kumfundisha mzee nyimbo za mzee mwenyewe ni tendo la upendo, tena la unyenyekevu. Lakini ni sauti gani aliyorudishiwa? Ni ile ya mwaka 1930, iliyokuwa imefungwa katika santuri, ambayo vijana wale waliipenda kabla ya kumjua mwenye sauti. Mle Rochester mlikuwamo mtu mwingine pia: mtu wa zaidi ya miaka sitini, aliyekuwa na mke, aliyefanya kazi katika kampuni ya reli. Tena mtu huyo alikuwa mhubiri katika ujana wake kabla hajashika gitaa, na kwa maisha yake yote hakupata kuvipatanisha viwili hivyo, mimbari na nyimbo za ulevini. Katika mazungumzo yake alilirudia jambo hilo mara nyingi, hata jukwaani, ilhali watu walikuwa wakingoja wimbo. Wengine waliyaona maneno hayo kuwa maneno ya mzee apitishaye wakati. Sisi twayaona kuwa ndiyo habari yenyewe.

Wala hatusemi haya tukiwa juu ya mlima. Zamani kidogo tulikwenda kumhoji mzee aliyepiga tarumbeta katika bendi ya kwanza ya mji wake. Tulitaka kujua bendi ilianza mwaka gani, na vyombo vilitoka wapi. Yeye alianza kutusimulia habari za mwanawe aliyefariki akiwa mdogo. Tulimsikiliza kwa adabu, kalamu imelala. Alipotua tukamrudisha kwenye tarumbeta. Tulipata mwaka tulioutaka, tukafunga daftari, tukaaga. Makala ilitoka nzuri. Mzee hakukaa muda mrefu baada ya hapo, na habari za mtoto yule, ambazo huenda zilikuwa ndizo sababu ya kutukubalia tuingie nyumbani mwake, hatuzijui hata leo.

Turudi kwa wazee wa bluzi. Liko jina moja ambalo karibu kila mmoja wao aliulizwa: Robert Johnson. Huyu aliimba nyimbo ishirini na tisa mbele ya mashine za santuri huko Texas, mwaka 1936 na 1937, akafa Agosti 1938, umri wake miaka ishirini na saba. Basi Son House aliulizwa habari zake, na David Edwards aliulizwa habari zake. Huyu Edwards alifariki mwaka 2011, umri wake miaka tisini na sita. Alikuwa ameimba tangu ujana wake, na maisha yake yalitosha vitabu, naye hata uzeeni hakuacha kuulizwa habari za siku za mwisho za mtu aliyekufa miaka sabini iliyopita. Twafahamu hamu hiyo, maana aliyekufa hawezi kuulizwa. Lakini mtu aliye hai akigeuzwa kuwa dirisha la kumchungulia mwingine, amepunguziwa kitu. Tena wengi walitaka kusikia kwamba Johnson alimwuzia Shetani roho yake katika njia panda ili ajue gitaa. Sisi, ambao kazi yetu hutulazimisha kulitaja jina la Shetani mara kwa mara, tungependa hata yeye ashitakiwe kwa ushahidi. Kisa hicho kilisimuliwa kwanza na nduguye mpiga gitaa mwingine, Tommy Johnson, juu ya huyo Tommy. Ndipo watu wakamvika Robert, kwa kuwa yeye ndiye waliyempenda.

Hapa twafika penye ugumu. Je, mzee akiona wazi msikilizaji anataka nini, naye akampa hichohicho ingawa si kweli, kosa ni la nani?

Katika Desemba 1938 palifanyika tamasha kubwa katika jumba la Carnegie, New York, la kuwaonyesha watu muziki wa watu weusi tangu chanzo chake. Mwandalizi alimtaka Robert Johnson, akaambiwa amekwisha kufa. Badala yake akaletwa Big Bill Broonzy, naye akatambulishwa kuwa mkulima kutoka Arkansas. Kweli, kwao ni Arkansas. Lakini alikuwa mtu wa Chicago kwa miaka mingi, mwimbaji hodari wa mjini, ambaye santuri zake zilinunuliwa pote walipokaa watu weusi. Wasikilizaji wa jumba lile walitaka mtu wa jembe, wakapewa mtu wa jembe. Baadaye, katika miaka ya 1950, Broonzy alipokwenda Ulaya, aliwaimbia na kuwasimulia watu wa huko mengi ya namna hiyo, na mwaka 1955 kikatoka kitabu cha maisha yake. Humo alisema amezaliwa mwaka 1893, akasimulia jinsi alivyokuwa askari Ufaransa katika Vita Kuu ya kwanza. Mtafiti Bob Riesman, katika kitabu alichokitoa mwaka 2011, alionyesha kwamba Broonzy alizaliwa mwaka 1903. Vita ilipokwisha alikuwa mtoto wa miaka kumi na mitano.

Uongo ni uongo, wala hatukusudii kuupamba. Lakini anunuaye mali ya wizi huku akijua imetoka wapi ana sehemu yake katika wizi. Vivyo hivyo yule ajaye na jibu mfukoni, akawa tayari kulipia jibu hilo tu, ana sehemu yake katika uongo. Broonzy hakuwalazimisha watu wa New York waamini kwamba mtu mweusi wa kweli ni yule mwenye udongo miguuni. Walikuja wakiamini hivyo.

Tuseme neno moja juu ya ujira, kisha tuendelee. Mei 1965 vijana wa kundi la Rolling Stones la Uingereza, walipoalikwa katika televisheni ya Marekani, walitaka mzee wao Howlin' Wolf aitwe pamoja nao. Akaimba, nao wameketi miguuni pake. Ni picha nzuri, nasi twaisifu. Lakini kuketi miguuni pa mtu si kumlipa. Willie Dixon wa Chicago, ambaye nyimbo zake ziliwatajirisha vijana wengi wa Uingereza, ilimbidi mwaka 1985 kupeleka mahakamani madai yake juu ya wimbo mmoja wa kundi la Led Zeppelin, na wakapatana mwaka 1987. Skip James, aliyekutwa mgonjwa hospitalini mwaka 1964, alipata fedha kwa sababu kundi la Cream liliimba wimbo wake na kumwandika kuwa mtungaji. Fedha hizo zilimsaidia kulipia matibabu yake. Mpenzi wa muziki anayesema amemheshimu mzee angetazama pia jina lililoandikwa chini ya wimbo.

Sasa tumfuate Broonzy mara moja tena, maana hatukupenda kumwacha penye aibu yake. Katika miaka ya 1940, huko New York, Alan Lomax, mkusanyaji wa nyimbo, aliketi na watu watatu na kinasa sauti: Broonzy, Memphis Slim na John Lee Williamson, aliyeitwa Sonny Boy. (Lomax naye amelaumiwa kwa mengine, wala hatumfanyi kuwa mtakatifu.) Aliwauliza bluzi ilitoka wapi. Hapakuwa na jukwaa, wala umati unaotaka mkulima. Wakaanza kusemezana wao kwa wao. Walizitaja kambi za watu waliojenga kingo za mto Mississippi, ambako nyumbu alihesabiwa kuwa na thamani kuliko mtu amwongozaye. Walitaja mashamba ya wafungwa. Walitaja watu waliouawa kwa neno dogo, na wauaji wasioulizwa na mtu. Mara kwa mara walicheka, kicheko ambacho msikilizaji hajui akifuate au akikimbie.

Halafu Lomax akawasikilizisha waliyosema. Wakaogopa. Jamaa zao walikuwa bado kusini, na walijua neno kama hilo lingewafikisha wapi. Wakamsihi majina yao yasijulikane. Naye akashika ahadi: alipochapa habari hizo mwaka 1948 alibadili majina, na santuri yenyewe haikutoka mpaka mwaka 1959, nayo ikiwa na majina ya kubuni.

Basi mtu ni yuleyule. Katika jumba la Carnegie, mbele ya umati uliomshangilia, mlisemwa habari za mkulima asiyekuwako. Katika chumba kilichofungwa, mbele ya watu wawili waliopita njia ileile na mmoja aliyekubali kunyamaza, ilisemwa kweli ambayo ingaliweza kuwaponza jamaa. Hatuwezi kusema kwamba Broonzy alibadili tabia. Waliobadilika ni wasikilizaji, na kile walichokuwa tayari kukipokea na kukilinda.

Twajaribu kumfikiria mpenzi wa bluzi aliyeinunua santuri ile ya mwaka 1959. Hakuwa na jina la kulitukuza. Hakuweza kuuliza mzee huyu alipiga gitaa la aina gani, wala alimjua Robert Johnson au hakumjua, wala hakuwa na pa kupeleka barua ya shukrani. Alikuwa na sauti tatu tu za watu wasiojulikana, na kila walilolisema. Majina yao ya kweli yalichapwa katika toleo la mwaka 1990. Williamson alikuwa ameuawa Chicago mwaka 1948, Broonzy amekufa mwaka 1958, na Memphis Slim amefia Paris mwaka 1988.