Je, Kuogopa Ni Kukosa Imani?



Neno tunalowaletea leo ni neno la nyumbani. Nyumba nyingi za waamini zinalijua, lakini watu wanalinyamazia kwa haya. Mzazi amepata kanseri ya ziwa, amepasuliwa, amerudi nyumbani, na wote wamemshukuru Mungu. Kisha siku moja anashika mgongo na kusema unamuuma. Tangu saa ile watoto hawalali vema tena. Kila mmoja anajiuliza moyoni: je, ugonjwa umetembea?

Jambo hili limetufikia sisi wenyewe. Mama yetu, mjane wa miaka 61, alipasuliwa ziwa la kushoto miaka miwili iliyopita hapa Lubumbashi. Jeraha lilipona. Alirudi sokoni kuuza unga, akarudi pia katika kwaya. Mwaka huu, mvua zilipokwisha, mgongo ulianza. Wiki ya kwanza tulisema ni uzito wa gunia. Wiki ya tatu tulisema ni baridi. Wiki ya sita hatukusema kitu tena. Tulikuwa tunamwangalia tu: namna anavyoinuka kitandani, namna anavyokohoa, chakula anachobakiza katika sahani.

Tulikutana watoto wote na mjomba wetu kufanya shauri. Kaka yetu mhubiri alisema: «Tukienda kutafuta picha za mifupa, tunamwambia Mungu kwamba hatumwamini. Tuombe, basi.» Dada yetu alisema: «Tumpeleke, lakini jibu lisifike masikioni mwa mama. Likiwa baya, litamuua mbele ya siku yake.» Mjomba naye akasema: «Ugonjwa wa namna hii hauji wenyewe. Mutafute aliyeutuma.»

Wandugu, maneno haya matatu yanasemwa katika jamaa nyingi. Tuyapime moja moja, bila kumhukumu aliyeyasema, maana wote watatu walisema kwa sababu ya kumpenda mama.

Neno la kwanza: kutafuta kujua ni kukosa imani. Sisi hatuwezi kuwa watu wa kudharau maombi. Kanisa letu lilianza kando ya mgonjwa. Tarehe 6 Aprili 1921, pale Ngombe-Kinsuka, Papa Simon Kimbangu alimwombea mwanamke mgonjwa kwa jina la Yesu, na wazee wetu walishuhudia kwamba alipona. Lakini tuangalie alichofanya kwanza: aliingia katika nyumba ya mgonjwa. Hakusimama mbali akisema hakuna ugonjwa. Imani yake haikuogopa kumtazama mtu jinsi alivyo.

Mfalme Hezekia vilevile. Alipoambiwa kwamba atakufa, alilia na kuomba, na Mungu akamwongezea miaka 15. Lakini nabii Isaya aliagiza pia mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Maombi na dawa viliingia katika chumba kimoja, wala kimoja hakikufukuza kingine. Kwa sababu hiyo chupa ya maji ya Nkamba inakaa kando ya kitanda cha mama pamoja na karatasi za munganga, na hatuoni vita kati yao.

Lakini mtu atauliza: je, Bwana hakutukataza kuisumbukia kesho? Ndiyo, alitukataza. Hata hivyo, usiku ule katika bustani ya Gethsemane yeye mwenyewe alihuzunika sana, akawaomba rafiki zake wakeshe pamoja naye. Tunaelewa basi kwamba kuogopa kwenyewe si dhambi. Mtoto asiyeogopa kumpoteza mama yake, tutasema ana imani kubwa, ao tutasema hana moyo? Tunachokatazwa ni kukaa ndani ya hofu kama ndani ya nyumba, tukifunga mlango.

Neno la pili: kumficha mama. Wengi wetu tulikuwa tumekubali neno hili. Lakini mama alikuwa nyuma ya mlango, akasikia yote. Aliingia, akaketi, akatuambia: «Bana bangu, muko munaniangalia sawa vile askari anamuangalia mwizi. Nikikohoa, munanyamaza. Nikicheka, munashangaa. Mimi niko mama yenu, siko ugonjwa. Huu mwili ni wangu. Kama umetembea, mimi wa kwanza nitaambiwa, na nyinyi nyuma.»

Tulipata haya sana. Tulidhani tunamlinda, kumbe tulikuwa tumemwacha peke yake. Hofu yetu ilikuwa imetufundisha kuuona mgongo wake na kutouona uso wake. Na tuseme kweli mbele ya Mungu: sehemu ya hofu ile haikuwa juu ya mama. Ilikuwa juu yetu. Tuliogopa kuwa yatima, tuliogopa deni la hospitali, tuliogopa maswali ya watu. Mtu mzima aliyetulea sisi wote, kwa haki gani tulitaka kumnyang'anya habari za mwili wake? Anaweza kuwa na maneno ya kupanga, mtu wa kusamehe, shamba la kugawa, wajukuu wa kubariki. Tukimdanganya, tunamwibia siku zake, zikiwa nyingi ao chache. Mgonjwa akisema mwenyewe kwamba hataki kujua, tumheshimu. Lakini yeye ndiye wa kuchagua, si sisi.

Neno la tatu: kumtafuta aliyeutuma. Hapa tunasema kwa nguvu: hapana. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2022 wanawake milioni 2,3 duniani pote walikutwa na kanseri ya ziwa. Wako weusi na weupe, matajiri na maskini, wa Ulaya na wa Afrika. Nani angeweza kuwaroga wote? Shirika hilo linasema pia kwamba karibu nusu ya kanseri hizi zinawapata wanawake wasio na hatari nyingine ya pekee, ila kuwa mwanamke na kuongezeka umri. Tukimshitaki jirani ao shangazi, tutakuwa na wagonjwa wawili: mmoja wa mwili, na jamaa nzima ya roho. Falanga za kumlipa mpiga ramli ndizo zilizohitajika kwa picha.

Basi tulikwenda na mama kwa munganga, naye akatufundisha mambo ambayo yafaa kila mwamini ayajue. Kanseri ya ziwa ikitembea, inapita mara nyingi kwanza katika tezi za kwapani. Ikipita katika damu, inaweza kufika katika mifupa, mapafu, ini ao ubongo. Kwa hiyo maumivu ya mifupa yasiyokoma kwa wiki nyingi, kikohozi kisichoisha, pumzi fupi, macho kuwa manjano, ao kichwa kinachouma bila kupoa, yote haya yapelekwe hospitali. Lakini si kila mgongo unaouma ni kanseri. Mgongo unauma pia kwa kazi na kwa uzee. Ni uchunguzi unaoonyesha, si usiku wa kuwaza. Jambo moja tu halingoji hata siku moja: mgongo ukiuma na miguu ikalegea ao ikafa ganzi, ao mtu akashindwa kwenda haja ndogo, apelekwe hospitali mara moja.

Alitutolea pia uongo mbili uliokuwa kati yetu. Wengine walisema kisu cha munganga ndicho kinachotawanya kanseri. Si kweli, na neno hili limewachelewesha mama wengi. Wengine walitenga sahani na kikombe cha mama. Kanseri ya ziwa haiambukizi, tule naye. Tena sisi mabinti tuliambiwa tupimwe, kwa sababu mama ao dada akiwa nayo, hatari yetu inaongezeka. Na wanaume wasijivune, maana wao pia wanaweza kuipata, ingawa ni mara chache.

Tukauliza swali tuliloliogopa: na kama imetembea? Munganga hakutudanganya. Alisema ikifika mbali, mara nyingi haiwezi kuondolewa yote. Lakini hilo si kusema hakuna kazi tena. Kuna vidonge na sindano za kuipunguza mwendo, kuna miale ya kutuliza maumivu ya mfupa, kuna morfini ili mtu asiteseke. Wako wanaoishi miaka pamoja nayo. Matunzo mengine ni vigumu kuyapata hapa. Wagonjwa wa kwetu wamevuka mpaka wa Kasumbalesa mpaka Lusaka, ambako hospitali ya kanseri ilifunguliwa mwaka 2007. Safari hiyo ni ya gharama. Hapo ndipo Kanisa linapimwa. Sisi tunaojua kushindana katika nsinsani ili kujenga hekalu, tujue pia kukusanya kwa ajili ya mwili wa mama mmoja, maana mwili nao ni hekalu.

Wandugu, tumefundishwa tangu utoto: Mapendo, Amri, Kazi. Tumelifahamu neno hili upya. Hofu juu ya mzazi inazaliwa na mapendo. Amri inatuambia kumheshimu baba na mama, na kumheshimu ni kumwambia kweli. Kisha hofu ipewe kazi: mmoja asindikize hospitalini, mmoja apike, mmoja achukue meza ya sokoni, mmoja akeshe akiomba, mwingine akae tu na mama bila kumuuliza mgongo. Hofu isiyo na kazi itatuibia mama kabla ugonjwa haujafika.

Picha zimekwisha kupigwa. Jibu litatoka wiki ijayo, na mama ndiye atakayelipokea, sisi tukiwa kando yake. Tumeandika haya mbele ya jibu kwa kusudi, ili mtu asiseme tuliamini kwa sababu lilikuwa zuri, ao tulilalamika kwa sababu lilikuwa baya. Likiwa zuri, tutamshukuru Mungu. Likiwa baya, Mungu ni yule yule, na mama ni yule yule. Yesu akiwa msalabani, katika maumivu makali, alimtafutia mama yake nyumba. Sisi tulio wazima tutashindwaje kuwa nyumba ya mama yetu?

Jana jioni alituambia tuache nyuso za kilio, tumsaidie kuchagua mchele. Tulichagua mchele pamoja naye, na aliimba.

Mutuombee, nasi tunawaombea ninyi mulio na wagonjwa nyumbani. Bwana awape nguvu na amani. Amina.