Mnachagua Lango

Sikieni, enyi watoto wa wazee! Mnatafuta makao ya kumweka mama kana kwamba mnatafuta ukumbi wa harusi. Mnatazama lango, mnatazama vigae, mnatuma picha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ndugu aliye Dallas anajibu kwa kidole gumba, na neno limekwisha. Mama hajaulizwa. Anaambiwa siku ya kufunga begi, tena kwa uongo, kwamba anapelekwa hospitali kupimwa presha.

Ole wenu! Nani kati yenu aliuliza habari za usiku? Mzee asiyeweza kujigeuza kitandani hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana. Asipogeuzwa, nyama hufa pale mfupa unapobana godoro: visiginoni, nyongani, juu kidogo ya makalio. Kwenye ngozi yetu nyeusi kidonda hicho huanza kama doa lililokolea, lenye joto, na asiyelitafuta halioni. Likiachwa huwa shimo. Vigae havimgeuzi mtu. Lakini ninyi mliuliza ada, mkauliza kama wanapokea M-Pesa, mkaondoka. Koridoni mlisikia harufu ya mkojo mkajiambia ndivyo wazee walivyo. Sivyo! Hiyo ni nepi iliyokaa tangu alfajiri.

Nanyi mlio Marekani nawakaripia mara mbili, kwa kuwa wengi wenu mnakula jasho la kazi hiyohiyo. Mnawaosha wazee wa watu, mnawageuza, mnaandika na saa. Mnajua kuwa huko ripoti za ukaguzi huwekwa wazi, na kwamba tangu 2008 nyumba za wazee zinazolipwa na bima za serikali, Medicare na Medicaid, hupewa nyota za ubora, moja hadi tano. Mnajua pia kuwa hata nyota tano hazitoshi bila kwenda kujionea. Kwa mama zenu mmetosheka na picha tatu.

Sisemi kumpeleka mzee kwenye makao ni dhambi. Binti aliyemwinua baba mwenye kiharusi peke yake mpaka mgongo ukamshinda, huyo simgusi. Nawagusa kaka zake, waliosema kuosha mgonjwa ni kazi ya wanawake. Ibara ya 57 ya Katiba ya Kenya ya 2010 imempa mzee haki ya kutunzwa na familia yake na Serikali pia, na risiti ya ada haijamfuta mtoto katika ibara hiyo.

Rudini kule makaoni bila kupiga simu. Nendeni Jumapili jioni, saa ya chakula. Ketini karibu na mzee asiyeweza kujilisha, mwone sahani yake inapoa kwa muda gani kabla hajafikiwa. Ulizeni usiku wanabaki wahudumu wangapi, kwa wazee wangapi. Kisha mwendeeni mama, mumweleze yote mliyoyaona, mumuulize anataka nini. Akikataa, amekataa.