Mtoto wa Kulea na Njia ya Kwao

Liko swali ambalo wazazi wa kulea hulikwepa kwa miaka mingi, hata siku moja mtoto mwenyewe hulitamka: "Mimi kwetu ni wapi?" Nalo huzaa swali la pili, ambalo ndilo nataka tulifikiri pamoja, ndugu msomaji. Je, yatupasa kumpeleka akaone? Na tukimpeleka, twampeleka kutembea tu, ama twaenda tukiwa tayari kumwacha huko akitaka kubaki?

Katika sehemu zetu hizi swali hilo si la watu wachache. Korogwe imekua kwa mkonge. Kati ya mwaka 1944 na 1965 chama kile kilichoitwa SILABU kilikusanya manamba kutoka sehemu za mbali kama Kigoma na Songea, wakaletwa kwa treni na malori. Wengi walikuja kwa mkataba wakidhani watarudi, wakazikwa kambini. Watoto wao walilelewa na waliokuwa karibu: mama wa Kibondei, mzee wa Kisambaa, nyumba ya Kizigua upande wa Handeni. Wamekua wakisema lugha ya nyumba iliyowalea, na baadhi yao sasa ni mababu. Kisha katika miaka ya 1980 ukaingia ugonjwa wa UKIMWI, na watoto wengi wakaletwa kwa basi kutoka mijini, nguo zao zote zikiwa ndani ya mfuko mmoja.

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Ndivyo wasemavyo wazee, nao wasema kweli. Walakini nimesikia mithali hiyo ikitumiwa kumziba mtoto mdomo: "Mimi ndiye niliyekulea, wataka kwenda kutafuta nini tena?" Hapo mithali imeacha kuwa sifa ya mlezi, imekuwa kama hati ya deni.

Hofu ya walezi naielewa, na tuiseme wazi, maana watu huisema jikoni tu. Chukua binti aliyechukuliwa akiwa na miaka miwili. Amelishwa, ameuguzwa malaria usiku, amelipiwa ada ya shule kwa kuuza mahindi na mbuzi. Sasa posa imekuja. Ghafla anatokea mjomba kutoka Kasulu, ambaye miaka yote hakuleta hata sabuni, anakaa barazani na kusema mahari ni yake. Au chukua kijana ambaye mlezi amekusudia kumwachia shamba, ndugu wa mlezi wanamtazama kwa jicho baya, wanangoja tu aseme kwao ni kwingine ili wamwambie, "Basi nenda kwenu." Katika hali kama hiyo si ajabu mlezi akiificha njia. Lakini tazama vizuri, utaona kwamba ugomvi wote huo ni wa watu wazima. Mtoto aliuliza habari ya kwao. Hakuuliza habari ya mahari.

Majirani zetu Waislamu, ambao Handeni ni wengi, sheria yao haimruhusu mlezi kumwita mtoto wa kulea kwa jina lake kana kwamba amemzaa. Jina la baba aliyemzaa hubaki. Nimewasikia Wakristo wakiliona jambo hilo kuwa ni gumu. Mimi naona ndani yake imo heshima, kwa kuwa mtoto hanyang'anywi kitu ili apewe kingine. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo hutumia neno "kuasili" kwa kumfanya mtoto wa mwingine kuwa wako, neno ambalo kila nilisikiapo hunishtua kidogo, kana kwamba mtoto alikuja hana asili mpaka sisi tulipompa. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, wasema kwamba mtoto ana haki, kwa kadiri iwezekanavyo, ya kuwajua wazazi wake. Na Musa alilelewa na binti Farao, hata hivyo alipokuwa mtu mzima akatoka kwenda kuwatazama ndugu zake. Hatusomi popote kwamba yule mama alimfungia mlango.

Huko Ulaya, Marekani na Australia ziko familia nyingi zilizochukua watoto kutoka India. Mtoto akifika umri wa kuelewa, baba na mama hufunga safari pamoja naye, wakaizunguka nchi ile kwa treni, wakaona miji na mahekalu, na siku moja wakaenda mpaka kwenye nyumba ya watoto alikotoka. Safari hiyo ina jambo la kufikirisha. Nyumbani mtoto ndiye mgeni wa sura. India wazazi ndio wageni, naye anafanana na kila apitaye njiani. Mchuuzi anamsemesha kwa Kihindi, wala hana la kumjibu.

Anayejulikana kupita wote ni Saroo Brierley. Mwaka 1986, akiwa na miaka kama mitano, alipotea ndani ya treni, ikamchukua mpaka Kalkuta. Mwaka 1987 akachukuliwa na wazazi wa Tasmania, kule Australia. Alipokuwa mtu mzima aliutafuta mji wao kwa picha za dunia zilizopigwa kutoka angani, akaupata mwaka 2011, na mwaka 2012 akakutana na mama yake karibu na pale pale alipomwacha. Mama hakutaka kuhama mbali, akisema mwanawe atarudi. Ndipo alipojua kwamba hata jina lake alikuwa akilitamka vibaya, maana mama yake alimwita Sheru. Hakuhamia India. Wazazi wake wa Australia hawakumpoteza, na mama yake wa India aliukausha uso wake.

Hata hivyo nina shaka kidogo juu ya zile safari za familia nzima. Tikiti za kurudi zote zimo mfukoni mwa baba. Mtoto anaonyeshwa kwao kama mtu aonyeshwavyo bahari, kisha jioni anarudishwa hotelini. Ni jambo jema, nasema tena ni jema, lakini swali la kubaki halijaulizwa. Mara moja, katika historia yetu wenyewe, liliulizwa, nalo lahusu watoto waliotoka Afrika wakapelekwa India.

Mwaka 1861 Dakta Livingstone, akiwa pamoja na Askofu Mackenzie na watu wa U.M.C.A., aliwafungua watumwa katika nchi ambayo leo ni Malawi. Miongoni mwa watoto waliokusanyika kwenye misheni ya Magomero walikuwamo wavulana wawili wa Kiyao, Chuma na Wikatani. Misheni ilipoondoka sehemu zile, Livingstone aliwachukua wavulana hao. Mwaka 1864 walivuka pamoja naye kutoka Unguja mpaka Bombay kwa mashua ndogo ya moshi iitwayo Lady Nyassa, siku 45 baharini. Akawaacha huko katika shule ya misheni ya Kiskoti ya Dakta Wilson. Wakasoma, wakabatizwa, Chuma akapewa jina la James. Mwanzoni mwa mwaka 1866 Livingstone akarudi nao Afrika, pamoja na vijana tisa wa shule ya Nasik, ambao nao walikuwa watoto wa Kiafrika waliookolewa utumwani wakalelewa India.

Wakapanda kufuata mto Ruvuma mpaka Ziwa Nyasa. Njiani, katika nchi ya Wayao, Livingstone aliwaambia machifu kwamba watoto wanaofunguliwa na Waingereza si watumwa wa Waingereza. Wako huru kurudi kwa ndugu zao wakipenda. Aliyeyatafsiri maneno hayo alikuwa Wikatani mwenyewe.

Basi mwezi wa Septemba, kusini mwa ziwa, Wikatani akakutana na ndugu yake. Akapata habari kwamba ana ndugu wa kiume wawili na dada, wanaishi kando ya Ziwa Malombe. Livingstone akamwuliza kama ataka kubaki. Akajibu mara moja: ndiyo. Ameandika katika daftari yake kwamba alihuzunika kuachana naye, lakini hakuweza kukataa bila kuyageuza maneno yake mwenyewe kuwa uongo. Akampa karatasi za kuandikia barua, akamkabidhi kwa machifu, akamuaga.

Naona hapo ndipo mlezi alipopimwa. Kusema "u huru" ni rahisi wakati ambapo mtoto hana pa kwenda. Tena Livingstone hakuwa na hakika ya mema. Wikatani alikuwa ameuzwa na baba yake mwenyewe, naye alitumaini tu kwamba ndugu zake hawatamwuza tena. Twayo mithali yetu, mwacha asili ni mtumwa. Kwa Wikatani kurudi kwenye asili ndiko kulikoweza kumfanya mtumwa, na bado alichagua kurudi.

Chuma naye alitaka kubaki, Livingstone akamkataza, akiogopa kwamba yule kijana angeingia utumwani. Ndipo likatokea jambo ambalo kwangu mimi ndilo gumu kuliko yote. Chuma alikuwa akiamini kwamba Wamang'anja ndio waliomkamata na kumwuza, na kwamba hakuna Myao anayeweza kumwuza mtoto wake. Livingstone aandika kwamba mambo yalikuwa kinyume chake. Akamkumbusha habari ya baba yake Wikatani, Chuma akakana. Akamtajia mtoto mwingine aliyeuzwa na baba yake. Chuma akasema hao ni Wamang'anja.

Kila mlezi aliyemchukua mtoto aliyetupwa anaijua hali hii. Mtoto amejitengenezea mama aliyekufa kwa homa, na wewe unajua mama alimwacha mlangoni akapanda basi. Ufanyeje? Wengine husema mwache na hadithi yake, inampa usingizi. Wengine humweleza yote siku moja ya hasira, jambo ambalo ni ukatili mtupu. Mimi nadhani kweli ni mali ya mtoto, nasi tunamtunzia tu, kama tutunzavyo shamba la yatima. Akiuliza, aambiwe, kwa maneno machache, bila ya kumtukana mama yake. Asipoamini, tusishindane naye. Na kabla ya kufunga safari hapana budi ajue atakalolikuta, maana kule watu watamwambia mbele ya umati, tena bila huruma.

Wale vijana wawili hawakuishia pale ziwani. Chuma alikuwa mmoja wa waliouleta mwili wa Livingstone pwani baada ya kufa kwake mwaka 1873. Mwaka 1875 alikuwa kiongozi wa msafara wa Askofu Steere kwenda Mwembe kwa Mataka, nchi ya Wayao. Akaiona tena nchi ya kwao akiwa mtu mzima mwenye kazi yake, kisha akarudi Unguja kwa hiari yake, na huko akafa mwaka 1882. Wikatani naye, Waskoti walipofika ziwani mwaka ule ule wa 1875, alikuwa bado yuko huko.

Na sisi wa Handeni tumeona kwa macho yetu kurudi kwa namna nyingine. Katika karne ya 19 Wazigua wengi, kwa sababu ya njaa na biashara ya watumwa, walichukuliwa mpaka pwani ya Somalia. Wajukuu wao walikaa kando ya mto Juba wakashika Kizigua chao vizazi kadha wa kadha. Vita vya mwaka 1991 vilipowafukuza, baadhi yao walikuja kwetu, kwanza Mkuyu, baadaye Chogo, na zaidi ya elfu moja wamepewa uraia. Wazee wa Handeni waliwasikia wakisema maneno ambayo wao wenyewe waliyasikia kwa bibi zao. Lakini wenzao wengine, waliokimbilia Kenya, walichukuliwa Marekani tangu miaka ya 2000, nao wakakubali kwenda. Wote ni wa asili moja, na sijamsikia mtu wa Chogo akiwaita watumwa.

Turudi basi kwa mtoto wa nyumbani kwako. Mimi nasema mpeleke, lakini si akiwa mdogo wa miaka mitano, atachanganyikiwa tu. Ngoja awe na umri wa kuuliza swali lake mwenyewe na kulikumbuka jibu. Habari za mahari na za shamba zimalizwe kabla, wazee wakae, iandikwe, mashahidi wawepo, ili asije akatolewa mnada katika baraza la wajomba. Usiende na zawadi kubwa, watadhani unanunua. Mkifika, kaa nyuma kidogo, mwache yeye atangulie kupiga hodi. Na ile nauli ya kurudi, mpe mkononi mwake mwenyewe, aiweke mfukoni mwake. Usiku ule hutalala vizuri, najua. Asubuhi mnywe uji, kisha umwulize kama alivyoulizwa Wikatani, na umngoje amalize kufikiri.