JE, KUTIA RANGI DARI YA NYUMBA NI ISRAFU?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake. Ama baad.

Ndugu yetu mmoja, mtu wa pwani aliyehamia Michenga, katika bonde la Kilombero upande wa Ifakara, ametuletea suala. Amevuna mpunga, ameuza, amebakiwa na fedha kidogo, naye ataka kuitia rangi na nakshi dari ya sebule yake. Jirani yake amemkataza, akimwambia kuwa hiyo ni israfu. Je, ni nani mwenye haki?

Twajibu ya kwamba kila mmoja ameshika upande wa haki. Uzuri haukuharimishwa. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa juu ya mtu apendaye nguo nzuri na viatu vizuri, alifahamisha kuwa Mwenyezi Mungu apenda uzuri, na ya kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Walakini Mtume huyo huyo aliingia kwa Bibi Aisha akaona pazia la pambo, akalivuta akalirarua, akabainisha kuwa hatukuamrishwa kuyavika nguo mawe na udongo. Na katika Sura ya Zukhruf twafundishwa kuwa, lau si kuchelea watu wote wakusanyike katika ukafiri, Mola angalizifanya za fedha dari za nyumba za wanaomkanusha. Basi dari nzuri si alama ya radhi zake.

Tazameni husuni ya Jabrin, kule Oman, iliyojengwa katika karne ya 17 na Imamu Bil'arab bin Sultan al-Ya'rubi. Dari zake za mbao zimetiwa rangi na maua na maandishi, hata leo watu huziinulia macho wakastaajabu, na chini yake palisomeshwa elimu. Pamoja na hayo, nduguye Saif alimpinga katika ufalme na kumzingira mumo humo. Na Bil'arab akafia humo, akazikwa humo. Saif ndiye yule ambaye majeshi yake yaliitwaa Ngome ya Mombasa kwa Wareno mwaka 1698. Elimu iliyosomeshwa chini ya dari zile ilimfaa mwenyewe na wengine. Ama rangi, haikuwapatanisha ndugu wawili.

Sasa zingatia, ewe ndugu, jambo moja lililo khasa kwa dari. Mlango huonwa na mpita njia, na zulia huonwa na mgeni. Bali dari haimkabili ila aliyelala chali. Na ni nani alalaye chali mchana kutwa? Ni mgonjwa, na mzazi aliye katika arubaini yake, na mama yako mzee asiyeweza kuinuka, na mtoto mwenye homa. Hao ndio wenye dari. Mgeni wa sebuleni huinua macho mara moja, akasifu, akaenda zake. Na sifa ile ndiyo mlango wa ria.

Basi tunamwambia ndugu yetu wa Michenga: kwanza, toa haki ya shamba. Nafaka ikitimia wasaki 5, nazo ni pishi 300 kwa kipimo cha Mtume, zaka yake ni sehemu 1 katika 10 ikiwa imenyweshwa na mvua, na 1 katika 20 ikiwa umeinywesha kwa gharama. Rangi iliyonunuliwa kwa zaka isiyotolewa ni mali ya maskini iliyopakwa juu ya kichwa chako. Kisha lipa deni lililofika wakati wake.

Pili, ianze dari kabla ya rangi, na chumba cha kulala kabla ya sebule. Bonde lile lajulikana kwa mbu na homa ya malaria, na mbu hupenya katika mwanya ulio baina ya ukuta na paa. Wataalamu waliojaribu huko Gambia, wakatangaza habari zao mwaka 2009, waliona kuwa nyumba zilizowekwa dari za wavu ziliingiwa na mbu karibu nusu tu ya wale walioingia nyumba zisizowekwa kitu, na watoto wake walipungukiwa na maradhi ya ukosefu wa damu. Kuwalinda waliomo katika ulezi wako ni wajibu, na pambo ni ruhusa; wala ruhusa haitangulizwi mbele ya wajibu.

Tatu, kikibaki kitu baada ya hayo, paka rangi, wala usiogope maneno ya jirani. Anza juu ya kitanda cha mama yako. Muulize apenda rangi gani, kwani yeye ndiye atakayeitazama. Hiyo haitakuwa israfu, bali ni wema kwa mzazi, na hapana mgeni atakayekusifu kwayo. Ama sebule, ngoja mavuno mengine, ujiulize tena wakati huo wampakia nani.

Mwenyezi Mungu atuongoe sote. Wallahu aalam.