Huru, Lakini Unadaiwa

Kuna neno moja linalopendwa sana na vijana wanaopiga muziki: huru. "Mimi msanii huru bwana, sina bosi." Utalisikia Dar es Salaam, utalisikia Morogoro mjini, na huku kwetu Michenga, Ifakara, utalisikia kijiweni kwa fundi baiskeli, likitamkwa na kijana mwenye nyimbo tatu kwenye simu, gitaa la kuazima na viatu vinavyocheka. Mimi simcheki. Neno lenyewe ni zuri, na wapo walioligharamia. Ila nina swali: huru kutoka kwa nani? Na ukishakuwa huru, je, hudaiwi na mtu?

Nauliza kwa sababu ushauri mwingi wanaopewa wanamuziki ni wa kujilinda. Chunga promota. Chunga mwenye studio. Soma kabla ya kutia saini. Ni ushauri mzuri, na mwingine nitautoa hapa hapa. Lakini unamkalisha mwanamuziki upande mmoja tu wa meza, upande wa anayedhulumiwa. Hebu leo tumkalishe pande zote mbili.

Tuanze na wazee wetu. Miaka ya 1960 na 1970 mwanamuziki wa dansi Tanzania mara nyingi alikuwa mwajiriwa. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ilikuwa ya jumuiya ya wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Mlimani Park ilizaliwa 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, TTTS, na 1983 ikahamia DDC. Mpiga solo alisubiri mwisho wa mwezi kama karani. Gitaa alilolifanya lilie halikuwa lake. Na katika bendi za watu binafsi kanuni ilikuwa fupi: mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Akinuna, anafunga stoo, na muziki umekwisha.

Mkoa wetu wa Morogoro ulitoa mtu aliyetaka kusimama mwenyewe. Mbaraka Mwinshehe alijijengea jina akiwa Morogoro Jazz, na 1973 akatoka akaunda bendi yake, Super Volcano. Januari 1979 akafariki kwa ajali ya gari Mombasa. Nyimbo zake zimebaki, nasi tunamtaja kwa heshima. Lakini sikiliza vizuri: nyuma ya solo lake kuna magitaa mengine, kuna tarumbeta na saksofoni, kuna sauti zinazomwitikia. Waulize watu kijiweni majina ya waliokuwa nyuma yake, uone kimya kitakachokaa. Sisemi Mbaraka alimdhulumu mtu, la hasha. Nasema sifa, kama maji ya mto Kilombero, hukimbilia bondeni yenyewe. Usipochimba mfereji, haifiki kwa kila mwenye shamba.

Uhuru wa leo umekuja kwa njia nyingine. Mashirika ya umma yaliyumba, redio za binafsi zikaingia, Radio One ikiwa hewani tangu 1994, halafu kompyuta zikashuka bei. Siku hizi chumba kimoja chenye godoro ukutani la kuzuia mwangwi ni studio. Wimbo unarekodiwa usiku umeme ukiwapo, na asubuhi uko YouTube. Hakuna bosi. Lakini pia hakuna mshahara, wala hakuna karani wa kuandika nani kafanya nini. Bosi alipoondoka aliacha kazi zake mezani. Nani amezichukua?

Chukua mfano huu. Kijana ana wimbo. Kiitikio amekitoa kwenye sangula, ngoma ya Wapogoro, alivyowasikia bibi yake na wenzake wakiimba kwenye harusi huko Mahenge. Rafiki yake amempigia ngoma. Mwingine amekaa na gitaa usiku mzima hadi akapata ule mlio wa mwanzo ambao kila mtu anaupigia mluzi. Mwenye studio amepanga mdundo na hakudai hela, amesema tu, "Tutaelewana." Wimbo umependwa. Anatokea mfanyabiashara anautaka kwa tangazo lake, anaweka mezani shilingi milioni mbili. Haya, nani ale?

Nimeyasikia mabishano ya namna hii mara nyingi. Mmoja atasema ni za aliyeimba, kwani jina lililo kwenye bango ni lake. Mwingine atasema tugawane sawa, sisi ni washikaji. Mwenye studio atasema sauti imo kwenye mashine yangu. Kila mmoja ana kipande cha ukweli mkononi na anadhani ameshika ukweli mzima. Na hakuna hata mmoja anayemtaja bibi.

Sheria yetu imeona mbali kuliko kijiwe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya 1999, inatenganisha haki ya mtunzi na haki ya aliyeimba au kupiga, na pia ya aliyetayarisha rekodi. Haki ya mtunzi inaishi naye na kuendelea miaka 50 baada ya kufa kwake. Hata bibi hakusahauliwa: sheria hiyo inalinda sanaa za jadi, na anayetaka kuzitoa katika mazingira yake ya asili na kuzifanyia biashara anatakiwa apate kibali cha BASATA. Lakini sheria haikukwambia mpiga ngoma wako apewe shilingi ngapi. Hapo imewaachia ninyi wenyewe mpatane. Na mapatano ni suala la utu kabla ya kuwa suala la mahakama.

Mimi nina kipimo changu. Mwondoe mtu mmoja, halafu sikiliza kilichobaki. Ukiondoa lile gitaa la mwanzo wimbo ukawa wimbo mwingine, basi aliyelipiga ana fungu katika wimbo, si katika siku ile tu. Kama alichofanya kingeweza kufanywa na yeyote anayejua kazi, basi huyo ni kibarua, mlipe ujira wake, na umlipe siku hiyo hiyo kabla jasho halijakauka. Fungu ni halali. Ujira ni halali. Dhuluma iko kwenye njia ya tatu, ambayo ndiyo tunayoipenda zaidi: humpi fungu, humpi ujira, unampiga bega na kumwambia, "Mwanangu, tutaonana."

Tujaribu kwa hesabu. Katika milioni mbili toa kwanza laki tatu za studio na nauli. Inabaki milioni moja na laki saba. Mtunzi na mwimbaji achukue nusu, 850,000. Mpiga gitaa robo, 425,000. Mpiga ngoma asilimia 15, yaani 255,000. Asilimia 10, yaani 170,000, ipelekwe Mahenge kwa kikundi cha akina mama wenye ngoma yao. Hii si amri. Ukiona mpiga ngoma amepunjwa, bishana nami. Ninachotaka ni ubishi huo ufanyike kabla ya kurekodi, wakati hakuna hela na wote mna akili timamu. Hela ikishatua mezani, hata ndugu wa tumbo moja husahau alichosema jana.

Nitaambiwa, "Karatasi zinaua undugu." Nimeisikia hoja hii na naiheshimu, kwa sababu muziki hauwezi kupigwa na watu wasioaminiana. Lakini waangalieni mama zetu wa vikoba. Wanazikana, wanalea watoto pamoja, wanaitana dada. Na bado wana daftari, na sanduku lao lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Je, hawapendani? Wanapendana mno, ndiyo maana hawataki upendo wao ujaribiwe na shida ya siku moja. Kufuli ile haimlindi mwenye mali peke yake. Inamlinda na mshika ufunguo asije akashawishika.

Angalia pia wimbo Malaika, unaoimbwa karibu kila harusi ya Afrika Mashariki. Fadhili William wa Kenya aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miriam Makeba akauimba, Boney M wakauimba, dunia ikaujua. Fadhili amefariki 2001, na hadi leo wapo wanaoshikilia kwamba mtunzi hasa ni Adam Salim, Mtanzania. Mimi si hakimu wa shauri hilo. Ninachoona ni kwamba wimbo wa kijana aliyeshindwa kuoa kwa kukosa mali umewatajirisha watu mbali na hapa, na sisi tumebaki na ubishi ambao karatasi moja yenye tarehe na majina ingeumaliza.

Sasa niguse jambo zito zaidi, la kuuza. Kijana ana mtoto amelazwa. Anakuja mtu na laki moja, anataka wimbo wote, jina, haki na kila kitu. Auze? Wapo watakaomwita mjinga akiuza. Mimi siwezi. Njaa haina mwanasheria. Lakini sisi watu wa bonde la Kilombero tunalijua jambo hili kwa jina lake la shambani. Tunawajua waliouza mpunga ungali kijani, wakavuna wakimvunia mwingine. Na tunawajua pia waliobanwa na ada au msiba wakakodisha ekari yao msimu mmoja, wakapata hela, na mwaka uliofuata wakarudi na jembe lao. Wote walikuwa na shida ile ile. Tofauti ni kwamba mmoja alitoa mavuno na mwingine alitoa ardhi.

Basi na wimbo ufanye hivyo. Kodisha. Mwambie: utautumia kwenye tangazo hili, kwa miezi sita, redioni tu, kwa bei hii. Ukitaka na televisheni, turudi mezani. Andikeni hivyo hivyo kwa Kiswahili chenu, mtie saini na mashahidi. Anayekataa kuandika "miezi sita" amekwishakwambia anataka ardhi.

Na wimbo uusajili COSOTA, ukiwaandika wote mliopatana. Najua wapo wanaoguna. Lakini Januari 2022 ofisi hiyo iligawa mirabaha ya zaidi ya shilingi milioni 300 kwa wanamuziki zaidi ya 1,000. Gawanya mwenyewe, utaona si hela ya kujengea nyumba. Lakini kila aliyepokea alipokea kwa sababu jina lake lilikuwa limeandikwa mahali. Wakati huo huo usiache jembe, cherehani wala bodaboda yako. Kazi ya mchana haimpunguzii mtu usanii. Ndiyo inayompa nguvu ya kusema "hapana" kwa yule wa laki moja.

Narudi kwa bibi, maana huyo ndiye mgumu. Atalipwaje mtu ambaye mwenyewe kiitikio alikipokea kwa mama yake? Hadai, hajui hata kama anadai. Hapo ndipo unapojulikana wewe ni nani, kwa sababu deni lisilo na mdai hulipwa na mwenye utu tu. Rudi Mahenge kabla wimbo haujatoka. Wasikilizishe. Waulize kama maneno yale yanafaa kuimbwa baa, maana mengine ni ya unyagoni au msibani. Taja ngoma na mahali ilikotoka kila unapotangaza wimbo. Na ukipata onyesho, waite wakaitikie wenyewe, uwalipe kama wasanii, si kama wazee wa kupewa kanga na soda.

Vijana wenzangu, nunueni daftari la shule. Kabla ya kuingia studio andikeni tarehe, jina la wimbo, nani katunga maneno, nani katoa sauti ya wimbo, nani kapiga nini, nani ana fungu na nani ana ujira, na kiitikio kimetoka wapi. Wote mtie saini, mpige picha kwa simu, kila mmoja abaki nayo. Ni kazi ya robo saa.

Siwaahidi kwamba promota hatawaibia. Atajaribu. Lakini siku utakapogonga meza yake na kumwambia, "Nilipe changu," jiulize ni nani amesimama nje ya mlango akikusubiri wewe, na ngoma yake begani.